Elektrodi Kumi na Sita kwenye Kifua cha Mtoto Mchanga

Wanangu mnaoanza kazi na watoto wachanga, kitu cha kwanza ambacho mashine ya picha za mapafu ilinifundisha kilikuwa aibu. Naanzia hapo makusudi. Mnanikuta leo nimekaa nyumbani hapa Kasongo, nimestaafu, mnaniita Mama Mwavita kwa heshima zote, na mnaweza kudhani nilizaliwa najua. Sikuzaliwa najua. Nilichuna ngozi ya mtoto wa watu.

Alikuwa mtoto wa kike wa mwalimu mmoja wa shule ya misheni, amezaliwa kwa miezi saba. Ngozi yake ilikuwa kama ile karatasi nyembamba iliyo katikati ya maganda ya kitunguu, mishipa yote unaiona. Nilimbandikia elektrodi kumi na sita kuzunguka kifua, zile za gundi tunazotumia kwa kupima moyo wa watu wazima, ambazo tulikuwa tumezipunguza kwa mkasi ili zimtoshe. Picha ikatoka safi. Daktari wetu akafurahi, na mimi nikafurahi. Kisha nikaanza kuzibandua, na ya kwanza ikatoka na ngozi.

Sikuivuta kwa nguvu, naapa. Lakini kwa ngozi ile, nguvu yako ya kawaida tayari ni nyingi. Kilibaki kidonda cha ukubwa wa kucha ya kidole cha mwisho. Kwa mtu mzima si kitu. Kwa mtoto wa kilo moja na kidogo, ngozi ndiyo ukuta wa nyumba: ukitoboka, vijidudu vinaingia, na joto na maji ya mwili vinatoka. Na elektrodi kumi na tano zilikuwa bado zimemganda.

Nilibaki nimesimama, mkono hewani. Aliyeniokoa ni Mama Feza. Huyu alikuwa mkunga wa zamani, ndiye aliyenifundisha kazi tangu nikiwa msichana niliyetoka Nyangwe bila kujua hata kushika kipimajoto. Wakati huo alikuwa amekwisha kustaafu, ila alikuja kila asubuhi kuwasaidia akina mama kuwabeba watoto kifuani, ngozi kwa ngozi.

"Mwavita, acha mukono," akasema. "Leta maji ya vuguvugu na mafuta safi kidogo. Gundi haivutwe. Gundi inabembelezwa."

Tukakaa wawili, tukalowesha, tukasubiri, tukaviringisha ukingo wa kila elektrodi polepole huku kidole kingine kimeishikilia ngozi isifuate. Asubuhi nzima iliishia pale. Hizo kumi na tano zilitoka bila kidonda kingine.

Baba yake alipokuja, nilimngoja mlangoni. Niliogopa, lakini Mama Feza alikuwa amenitazama kwa jicho ambalo halikuniachia njia nyingine.

"Mwalimu," nikasema, "mutoto wako iko na kidonda kifuani. Ni mimi. Nilimubandika kitu ambacho ngozi yake haikuweza."

Akaingia, akakitazama kidonda. Halafu akauliza swali moja tu: "Na kesho mutamubandika tena?"

"Hapana. Si yeye, wala mwingine."

Kidonda kilipona, na mtoto akaenda kwao amenenepa. Lakini nilikuwa nimetoa neno, na neno lile likawa kazi yangu ya miaka iliyofuata.

Sasa niwaeleze mashine yenyewe, kwa maana wengine mnaifunga tu bila kujua inafanya nini. Inapitisha umeme mdogo sana kifuani, mdogo hata mtoto hausikii. Hewa inauzuia umeme; damu na nyama vinaupitisha. Kwa hiyo pafu likijaa hewa, umeme unapata taabu kupita, na likitoa hewa, taabu inapungua. Mashine inapima taabu hiyo kutoka elektrodi hadi elektrodi, kisha inachora kwenye kioo sehemu zinazopumua na zisizopumua. Haina miale, haihitaji kumbeba mtoto kumpeleka popote, na unaweza kuiacha ikimwangalia saa nzima. Ila ina udhaifu mmoja mkubwa: kila kitu inachojua kinapitia kwenye ngozi. Elektrodi isipogusa ngozi vizuri, mashine haitakwambia "sijui." Itakuchorea uongo, tena kwa rangi nzuri.

Aliyeileta ni injinia Ramazani, kijana wa Kindu aliyetumwa na mradi wa utafiti. Alikuwa mwembamba, mwenye haraka, na alikuwa na tabia ya kusahau kuvua helmeti yake ya pikipiki hata akiwa ndani ya chumba cha wagonjwa. Nilipomwambia kwamba sitatumia gundi tena, alikuna helmeti kana kwamba ni kichwa.

"Mama, bila gundi elektrodi haikamate."

"Basi tutafute kitu kinachogusa bila kukamata."

Tulijaribu kwanza vibati vidogo vya chuma. Vilikuwa baridi. Kila tukimwekea mtoto, alishtuka, akarusha mikono, mkanda ukasogea, na picha ikaharibika. Tena vilikuwa vigumu. Vikikaa saa moja vinaacha alama. Mradi ukatuletea kitambaa chenye nyuzi za fedha zinazopitisha umeme. Tukakata vipande, nikampelekea Papa Saidi, fundi cherehani wa sokoni, avishone juu ya utepe wa pamba laini.

Papa Saidi alishona mkanda wa kwanza vizuri sana, mishono imara kama ya suruali ya kazi. Nikaupitisha kwenye shavu langu, nikamrudishia.

"Mkanda una kosa gani?" akauliza.

"Upitishe kwenye jicho lako, ukiwa umelifumba."

Akaupitisha. Akakunja uso, akaufumua wote. Mkanda wa pili mishono yote ilikuwa upande wa nje. Tangu siku ile hatukuweka chochote juu ya mtoto bila kukipitisha kwanza juu ya kope zetu wenyewe. Fanyeni hivyo nanyi. Kidole cha muuguzi kimekwisha kuwa kigumu kwa sabuni, hakiwezi kuamua. Kope inaamua.

Mkanda tuliujaribu kwenye beseni la plastiki lenye maji ya chumvi, elektrodi zikiwa zimepangwa kuzunguka ndani, na papai dogo katikati. Ramazani akilisogeza papai, doa kwenye kioo linasogea nalo. Mama mmoja anayefagia aliingia, akatazama beseni, akatutazama sisi wawili tumeinama kwa makini, akauliza, "Hiyo itaiva saa ngapi?" Ramazani alicheka mpaka akavua helmeti.

Lakini papai halina jasho, na halinyonyi wala kulia. Kwa mtoto wa kweli tulianza upya. Kitambaa kikavu hakigusi kitu, kinaelea tu juu ya ngozi. Tulikilowesha kwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi kidogo. Wakati wa kiangazi, chini ya taa ya joto, kilikauka kabla sijamaliza kuandika jina la mtoto kwenye daftari. Tukatumia jeli ya maji, ile ya kupimia mimba. Mimi nikapaka kwa ukarimu, kama napaka siagi kwenye mkate, na jeli ya elektrodi moja ikatiririka ikaungana na ya jirani yake. Umeme ukapita njia ya mkato juu ya ngozi badala ya kuingia kifuani, na kwenye kioo mapafu yakavimba yakawa kitu kimoja kama ndazi. Kipimo tulichokipata baada ya kuharibu picha nyingi ni punje moja ya hindi kwa kila elektrodi, si zaidi. Unaifuta ngozi kwa pamba yenye maji ya vuguvugu bila kuisugua, unaiacha ikauke, ndipo unaweka. Ule utandu mweupe anaozaliwa nao mtoto usiukwangue, unamlinda. Kama umejaa mno kifuani na mtoto anapumua vizuri, picha ingoje.

Na mkanda ukae usawa wa chuchu. Mimi niliwahi kuuweka chini zaidi kwa sababu pale ulikaa vizuri, nikampiga mtoto mwenye afya picha inayoonyesha ini mahali pa nusu ya pafu. Daktari alinipigia kelele ukumbi mzima ukasikia. Alikuwa na haki.

Sasa niwaambie juu ya mtoto wa Riziki.

Riziki alitoka Wamaza kwa pikipiki, siku moja baada ya kujifungua kabla ya wakati, mtoto wa kiume akiwa amefungwa kifuani kwake chini ya kitenge, na mama yake Riziki akifuata kwenye pikipiki ya pili. Barabara mnaijua. Walifika wote watatu wana rangi moja, ya vumbi. Mtoto alikuwa anaguna kila akitoa pumzi, mbavu zinaingia ndani. Tulimwekea oksijeni puani kwa mirija, na ncha ya mrija wa kutolea hewa ndani ya chupa ya maji inayobubujika, ili mapafu yasijifunge. Kisha nikamfunga mkanda.

Kwenye mashine, pembeni mwa kioo, kuna vitaa kumi na sita. Kijani maana yake mguso mzuri, njano mashaka, nyekundu hakuna mguso. Kwa mtoto yule vilikuwa vyekundu kumi. Nilimgusa mgongoni, kidole kikateleza.

"Koko," nikamwambia yule bibi, "mulimupakala nini?"

"Mafuta ya kokwa za ngazi, za muchikichi. Nilichemsha mimi mwenyewe. Mutoto wa safari anapakwa."

"Mengi?"

Akajivuna kidogo. "Chupa yote."

Wanangu, hapo kuna njia mbili. Njia moja ni kumkaripia bibi mbele ya binti yake, na kuanzia siku hiyo atapaka kwa kujificha. Nilishika njia nyingine. Nilimwita karibu, nikamwonyesha vitaa, nikampa pamba na maji ya vuguvugu, nikamwambia afute mwenyewe. Akafuta kwa mikono ya mtu aliyelea watoto wengi. Kila tulipofuta na kuweka jeli, kitaa kimoja kikageuka kijani.

"Kumbe mafuta yangu yanagombana na mashine yenu," akasema.

"Yanagombana. Miguuni na mikononi upake. Kifua uniachie mimi mpaka apone."

"Kifua ni chako," akasema, kama mtu anayegawa shamba.

Siku mbili picha ilikuwa nzuri, mapafu yote mawili yanawaka na kuzima pamoja. Siku ya tatu, jua likiwa utosini, nikiwa nabadilisha maji ya chupa, Riziki aliniita. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama Mwavita, hayiko sawa," na sauti yake ilinifanya niache chupa.

Mtoto alikuwa anabadilika rangi kuzunguka midomo. Nikaongeza oksijeni. Kwenye kioo, pafu la kuume lilikuwa giza tupu.

Ramazani alikuwepo siku hiyo. Alitazama akasema haraka, "Ni ngozi. Koko amepaka tena."

"Sikupaka!" bibi akasema. "Kifua ni cha Mama Mwavita!"

Daktari akaingia akitoka kuzalisha kwa upasuaji. Akaweka kifaa chake kifuani mwa mtoto, akasikiliza, akatikisa kichwa. Kifua kidogo kile na mabubujiko ya chupa, sauti zinachanganyikana. Redio, ile mashine ya kupigia picha ya miale, ilikuwa haina umeme mpaka jioni. "Mkanda huo umetuongopea mara ngapi?" akauliza. "Mara nyingi," nikasema, na ilikuwa kweli. "Utengenezeni kwanza," akaamuru.

Hapo ndipo niliposikia miaka yote ile ya majaribio ikinielemea mgongoni. Kama ni mguso, tukimchoma bure sindano ya kutoa hewa kifuani tunaweza kumuua. Kama si mguso, tukikaa kupaka jeli anakufa mikononi mwetu. Nikapitisha kidole nyuma ya mkanda, elektrodi moja moja, upesi. Zote zina unyevu. Vitaa vyote kijani. Lakini kijani kimewahi kunidanganya pia, jeli ilipoungana.

Nikamwambia Riziki, "Muinue kidogo tu." Nikauzungusha mkanda nusu duara, elektrodi za upande wa kuume zikaenda kushoto na za kushoto zikaja kuume. Mashine haikujua kwamba nimeuzungusha. Kwa hiyo kama ubovu ulikuwa kwenye elektrodi, giza lingebaki palepale kwenye kioo. Kama ubovu ulikuwa kwa mtoto, giza lingehama.

Pumzi moja. Pumzi mbili. Picha ikajichora upya.

Giza lilikuwa limehama.

"Dokta," nikasema, "mkanda hausemi uongo. Iko kwa mutoto. Pafu la kuume."

Aliniangalia mara moja tu. "Funga dirisha. Nipe tochi."

Bibi ndiye aliyefunga dirisha kwa kitenge chake. Daktari akaweka tochi kwenye ubavu wa kushoto: mwanga mdogo, mwekundu. Akaiweka kuume: kifua chote kikawaka kama kibuyu chenye taa ndani. Hewa ilikuwa imevuja nje ya pafu, imejaa kifuani, imelikandamiza pafu mpaka limekuwa ngumi. Mimi nilishika mabega, Riziki alishika kichwa cha mwanawe, na daktari akaingiza sindano nyembamba kati ya mbavu. Ndani ya bomba la sindano lenye maji kidogo, mapovu yakaanza kupanda, moja, kisha mengi.

Sote tulikuwa tunatazama midomo. Ilitoka kijivu, ikawa zambarau, ikawa ya mtoto. Nikaurudisha mkanda mahali pake. Kwenye kioo, upande wa kuume, palikuja kwanza alama hafifu, kisha doa, kisha pafu likaanza kufunguka mbele ya macho yetu, linachelewa nyuma ya mwenzake lakini linakuja.

Riziki akalia sasa. Ramazani alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Baadaye alikwenda kwa bibi, akainama kwa heshima, akasema, "Koko, unisamehe. Nilikusingizia."

Bibi akamtazama juu mpaka chini. "Nitakusamehe. Lakini toa kwanza hiyo sufuria kichwani."

Wale watu walikaa kwetu zaidi ya mwezi. Mtoto alirudi Wamaza kwenye kifua cha mama yake, na mwaka uliofuata Riziki alimleta kuchanjwa, akitembea kwa kushikilia ukingo wa benchi.

Msije mkatoka hapa mkisema Mama Mwavita alimwokoa mtoto kwa mashine. Aliyeona kwanza ni mama yake, kwa macho. Mtoto akibadilika rangi, mtazame mtoto, kioo baadaye. Na ile hila ya kuzungusha mkanda isiwachukue zaidi ya pumzi chache. Ninachotaka mwelewe ni hiki: kama tusingekuwa tumejifunza ngozi, gundi, mafuta, unyevu na mishono, siku ile nisingekuwa na haki ya kusema mkanda hausemi uongo. Daktari aliniamini kwa sababu siku nyingine nyingi nilimwambia, "Dokta, picha hii usiiamini, ni kosa langu."

Nilipostaafu nilidhani nimekwisha kujua mambo yote ya ule mkanda. Kiangazi kilichopita nilikwenda Kabambare kumsalimia dada yangu. Kwenye hospitali ya kule wamepata mashine ndogo ya aina ileile, nikapita kuiona. Sikujitambulisha. Nilikuta infirmiye mmoja, muuguzi bado msichana mdogo, amekaa na mama mzazi. Nikanyoosha mkono kumgusa mtoto.

"Mama, umenawa?"

Sikuwa nimenawa. Mimi! Nikaenda kwenye ndoo, nikanawa kama stajieri aliyeanza kujifunza kazi jana.

Niliporudi, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukifanya katika miaka yangu yote. Mkanda, ukiwa umeloweshwa tayari na kufungwa ndani ya kitambaa safi, ulikuwa umelazwa kati ya matiti ya mama. Nikamwuliza ni wa nini pale.

"Unapata joto la mama kwanza," akasema. "Mukiuweka baridi, mutoto anashtuka na picha inapotea."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna mutu. Niliona wanashtuka, nikafikiri."

Akauchukua mkanda, akaanza kuupitisha chini ya mgongo wa mtoto. Mtoto hakushtuka. Hata usingizi haukukatika. Nikasimama nimeduwaa, nikikumbuka watoto wote niliowashtua kwa miaka, na badala ya huzuni nikasikia furaha imenijaa mpaka kooni.

"Mama, wewe ulikuwa unafanya kazi gani?" akaniuliza bila kuinua macho.

"Nilikuwa infirmiye, Kasongo."

"Vizuri," akasema. "Basi shika upande huu, nikuonyeshe."

Nikashika.